Kiti, ukuta na chupa ya mchanga: mazoezi ya nguvu kwa mwili unaopoteza misuli

Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimita 43 hivi kutoka sakafuni hadi pa kukalia, ukiegemeze ukutani. Mzee akae katikati ya kiti, mikono aikunje kifuani, halafu asimame wima na kuketi tena, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Wewe hesabu. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 12, au mwanamke wa umri huohuo asiyefikisha 10, yuko chini ya wastani wa rika lake na uwezekano wake wa kuanguka uko juu. Kwa wenye miaka 80 hadi 84 mpaka ni 10 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Akijisukuma kwa mikono ili ainuke, anaandikiwa sifuri, hata kama ameinuka mara 20.

Iandike namba hiyo pamoja na tarehe, kwa sababu baada ya wiki 8 hadi 12 ndiyo itakayosema kama mazoezi yanafanya kazi. Mizani haitakwambia kitu. Mtu anaweza kupoteza kilo mbili za misuli, akaongeza kilo mbili za mafuta, na suruali ikamkaa vilevile.

Kupungua huku kwa misuli kunakoletwa na umri kuna jina la kitabibu, sakopenia. Irwin Rosenberg ndiye aliyelipendekeza mwaka 1989 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nyama na upungufu. Baada ya miaka 30 mwili hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila muongo, na baada ya 60 kasi huongezeka. Bandu bandu huisha gogo. Nguvu nayo hupotea upesi kuliko nyama yenyewe, maana neva zinazoamrisha nyuzi za misuli hufa pia, na nyuzi zinazoathirika zaidi ni zile za kasi. Hizo ndizo mtu anazozitegemea akijikwaa, pale anapotakiwa kutupa mguu mbele kabla hajafika chini. Ndiyo maana kutembea peke yake hakutoshi, pamoja na uzuri wake wote kwa moyo. Matembezi ya kawaida hufanywa na nyuzi za polepole. Zile za kasi huitwa kazini mzigo unapokuwa mzito au mwendo unapokuwa wa haraka.

Hapo ndipo ushauri mwingi unapoharibika. Mzee anapewa vidambeli, yaani vizito vidogo vya mkononi, vya nusu kilo na rangi ya kupendeza, anavipunga hewani mara 30 huku anapiga soga, na kila mtu anaridhika kwamba anafanya mazoezi. Mfuko wa unga anaoubeba jikoni ni mzito kuliko hivyo. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwapa mazoezi ya mapaja watu 10 dhaifu wa makao ya wazee wenye miaka 86 hadi 96, kwa uzito uliofika asilimia 80 ya ule ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja tu. Kwa wiki 8, wale 9 waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Hawakuwa wanamichezo, baadhi yao walitembea kwa fimbo. Kilichowafaa ni uzito wa kweli, uliopandishwa kwa utaratibu, chini ya jicho la mtu anayejua. Mzee kunyanyua kitu kizito si jambo la kuogofya. Kinachotisha ni kukinyanyua vibaya, kukinyanyua mapema mno, au kukinyanyua akiwa na maradhi ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kabla ya siku ya kwanza

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi akiwa amepumzika, siku hiyo hakuna mazoezi, na daktari ajulishwe. Hali kadhalika kwa mwenye maumivu ya kifua yanayokuja hata akiwa ametulia, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ambayo hayajatibiwa, mshtuko wa moyo wa karibuni, moyo ulioshindwa kazi na miguu inayovimba kila kukicha, valvu ya aota iliyosinyaa, au uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mwenye kisukari kilichokwisha kuharibu retina amwone daktari wa macho kwanza, kwa sababu kujikaza kunapandisha shinikizo na mishipa dhaifu ya jicho inaweza kuvuja damu. Mwenye ngiri aonwe na daktari, na mwenye nyonga au goti la bandia aulize mienendo aliyokatazwa.

Wenye mifupa iliyopungua uimara wanastahili neno la peke yao. Pingili za mgongo zilizodhoofika huvunjika kwa upande wa mbele mtu anapoinama na mgongo uliopinda huku ameshika mzigo, au anapouzungusha mwili kwa nguvu. Kwa hiyo kwao hakuna kulala chali na kuinua kiwiliwili kugusa magoti, hakuna kuinama kugusa vidole, hakuna kuzungusha kiuno na uzito mkononi. Mazoezi mengine yote nitakayoyataja wanaweza kuyafanya mgongo ukiwa umenyooka, na mifupa yao inayahitaji kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kipimo kimoja cha nyumbani kinachosahauliwa: mzee alale dakika 5, upime presha, asimame, upime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huyo ni mtu wa kupata kizunguzungu kila anapoinuka. Hatazuiwa mazoezi, ila aanze na yale ya kukaa, anywe maji kabla, na dawa zake zitazamwe upya.

Zoezi la kiti, kwa undani

Kama mzee ana nafasi ya zoezi moja tu maishani mwake, liwe hili. Linafanyisha kazi mapaja, makalio na mgongo kwa pamoja, na ndilo litakaloamua kama atakwenda chooni mwenyewe.

Kiti kibaki mgongo ukutani, juu ya sakafu kavu, bila mkeka wala zulia chini yake. Mbele yake, umbali wa mkono, kuwe na meza nzito au sinki la kushika ikihitajika. Miguuni avae viatu vyenye soli nyembamba na ngumu au awe peku. Soksi tupu kwenye sakafu laini zimewaangusha wengi, na kandambili hazifai.

Asogee hadi nusu ya mbele ya kiti. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, visigino virudi nyuma kidogo hadi vidole vya miguu viwe chini ya magoti. Hii ndiyo sehemu inayokosewa kuliko zote: miguu ikiwa imetangulia mbele, hata kijana hasimami bila kujirusha. Kisha ainamishe kiwiliwili kutokea nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Asukume sakafu kwa nyayo nzima na kusimama upesi, kama sekunde 1, huku anatoa pumzi. Atulie wima, akaze makalio kidogo. Halafu ashuke kwa sekunde 3, akipeleka makalio nyuma kama anayetafuta kiti gizani, na kukigusa bila kishindo.

Kushuka polepole ndiko kunakojenga, na ndiko wazee wanakokukwepa. Sikiliza: ukisikia kiti kikilia "pu" mwishoni mwa kila mzunguko, nguvu zake zinaishia sentimita chache juu ya kiti na hapo anajiachia. Dawa yake ni kukiinua kiti. Kunja blanketi gumu hadi liwe na unene wa sentimita 3, liweke juu ya kiti, jaribu tena. Bado kinalia? Ongeza la pili. Mto laini haufai, kwa sababu makalio yanazama na kimo kinarudi kilekile. Wapo wanaoanza kwenye kimo cha sentimita 55, na hakuna aibu. Akiweza marudio 12 bila kishindo katika mazoezi mawili yanayofuatana, unatoa blanketi moja. Ile ngazi ya mablanketi ni mzigo unaopanda sawasawa na vyuma vya mazoezi, tofauti ni kwamba mzigo ni mwili wake mwenyewe.

Magoti yakiingia ndani na kukaribiana wakati wa kuinuka, misuli ya pembeni ya nyonga ni dhaifu. Mwambie ayaelekeze magoti upande wa kidole cha pili cha mguu, au funga mkanda mwembamba wa mpira juu kidogo ya magoti ili awe na kitu cha kusukuma. Goti likiuma, pandisha kimo kwanza kabla ya kuacha zoezi. Maumivu ya hadi 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, yanayoisha kabla ya saa 24, yanavumilika. Yanayopanda wakati wa zoezi, au yanayomfanya achechemee kesho yake, yanasema umezidisha. Goti lililovimba lisilazimishwe.

Akishafika kwenye kiti kitupu na kuinuka mara 12 kwa mikono iliyokunjwa, hapo ndipo wengi husimama na kubaki miaka. Usimwache hapo. Ashike kifuani, kwa mikono yote miwili, chupa iliyojazwa maji au mchanga. Baadaye mguu mmoja urudi nyuma nusu hatua kuliko mwingine, ili wa nyuma ubebe zaidi, na ibadilishane kila seti, yaani kila mkupuo mmoja wa marudio.

Mzigo upi, mara ngapi

Sahau mahesabu ya asilimia. Tumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa kitako na 10 ni pale asipoweza tena hata mara moja. Wiki mbili tatu za mwanzo abaki kwenye 5 au 6, ajifunze mwendo na mishipa ya kushikilia mifupa izoee. Kisha apande hadi 7 au 8, yaani anamaliza seti akiwa na marudio 2 au 3 kibindoni. Hana haja ya kufika 10. Faida inayoongezeka ni ndogo na umbo la mwendo huharibika hapo.

Wazee wengi watakwambia "ni sawa tu" hata uzito ukiwa kama manyoya, na wengine watasema "nimechoka" kabla hawajaanza. Angalia badala ya kuuliza. Rudio la mwisho likienda kwa kasi ileile ya la kwanza, mzigo ni mwepesi. Likipungua kasi ingawa anasukuma kwa juhudi ileile, umefika. Likianza kumpindisha, kumfanya ajirushe au abane meno, umepitiliza.

Marudio 8 hadi 12 kwa seti. Seti 1 kwa kila zoezi wiki mbili za kwanza, halafu 2, na baadaye 3 kwa anayezimudu. Mapumziko kati ya seti ni dakika 2 kamili, ukitazama saa. Kukimbizana hakuongezi kitu hapa. Siku 2 au 3 kwa wiki, na saa 48 kati ya mazoezi ya misuli ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka angalau siku 2 za mazoezi ya nguvu kwa wiki na, kwa wenye miaka 65 na zaidi, siku 3 za mazoezi mchanganyiko yanayotilia mkazo nguvu na mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba. Zote zinaweza kukaa pamoja kwenye kikao cha dakika 40.

Akifikisha marudio 12 katika seti zote, vikao viwili mfululizo, ongeza mzigo kwa kipande kidogo kabisa ulicho nacho, urudi kwenye marudio 8. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama uzito, ama seti, ama kimo. Anayeongeza vyote wiki moja hujikuta wiki inayofuata amelala na bega linauma, na asijue kipi kilichomponza.

Uzito wenyewe si lazima ununuliwe. Chupa ya lita 1.5 iliyojaa maji ni kilo 1.5, ikijazwa mchanga mkavu inakaribia kilo 2.4. Pima kwenye mizani ya jikoni na uandike namba juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, vinginevyo baada ya mwezi hutajua kama amepanda au ameshuka. Kizibo kifungwe kwa utepe. Mwenye vidole vya baridi yabisi asibebeshwe chupa nene asizoweza kuzizingira. Mwekee mbili tatu ndani ya mfuko wa kuvaa begani au mgongoni.

Yale mengine

Kusukuma ukuta ni kwa ajili ya kifua na mikono: viganja ukutani kimo cha kifua, miguu hatua moja na nusu nyuma, mwili umenyooka kama ubao, viwiko vishuke kwa pembe ya digrii 45 kutoka mbavuni wala visipanuke kama mbawa. Ukuta ukiwa rahisi, hamia kwenye ukingo wa meza nzito. Kadiri mikono inavyoshuka, mzigo unapanda.

Kuvuta mkanda wa mpira kunarudisha mabega yaliyoinamia mbele. Ufunge kwenye kitu kisichohama. Ukiutumia mlango, uwe ni mlango unaofungukia upande wa pili, ili kuvuta kuzidi kuufunga, na uutie kufuli. Kagua mkanda kila mara kwa kuunyoosha kwenye mwanga: ukiona ufa mdogo au weupe wa uchakavu, tupa. Mkanda unaokatika hurukia usoni, na jicho halina akiba. Rangi za mikanda hazina maana moja kwa watengenezaji wote, kwa hiyo "nyekundu" ya leo si "nyekundu" ya kifurushi kingine.

Kuinua visigino ukiwa umeshika sinki, sekunde 1 kupanda na 3 kushuka, ni kwa ajili ya shavu la mguu. Likizoeleka, mguu mmoja mmoja. Kupanda kistuli cha sentimita 10 na kushuka kinyumenyume polepole kunafundisha ngazi. Kwa misuli ya pembeni ya nyonga, asimame kando ya sinki na kuupeleka mguu mmoja upande bila kuinamisha kiwiliwili; wanaoinamisha wanadhani wamefika mbali, kumbe ni kiuno kilichofanya kazi. Mwishoni, kubeba: mfuko mmoja mzito mkono mmoja, mwendo wa mita 10, geuka, badilisha mkono. Hili nalipenda kwa sababu linajenga mshiko wa mkono, kiuno na mizani ya mwili kwa pamoja, na hakuna mzee anayehitaji kufafanuliwa linamsaidia nini.

Mizani ya mwili ifanyiwe mazoezi mwanzoni, kabla miguu haijachoka: mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 30, kidole kimoja kikigusa sinki. Awe kwenye kona, kuta pande mbili na kiti mbele, akiyumba asiwe na pa kuangukia.

Pumzi

Mtu anayejikaza huku amebana pumzi, kama aliye chooni, huongeza shinikizo kifuani na presha huruka. Mwaka 1985 watafiti waliowapima wajenga misuli vijana kwa mrija ndani ya mshipa walikuta wastani wa 320 kwa 250 wakati wa kusukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili. Kijana mwenye mishipa mizima huvumilia hilo kwa sekunde chache. Mwenye presha ya miaka 20 asilijaribu. Pale anapoachia pumzi, presha huporomoka ghafla, na hapo ndipo wanapozimia. Kanuni ya "toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha" ni nzuri, lakini wengi huikoroga. Njia rahisi ni kumwambia ahesabu marudio kwa sauti. Mtu hawezi kuhesabu kwa sauti na kubana pumzi kwa wakati mmoja.

Kushika kitu kwa nguvu muda mrefu bila kukisogeza pia kunapandisha presha, kwa hiyo mkao wa kuganda usizidi sekunde 10 kwa mwenye presha.

Dawa zilizo kwenye droo

Dawa za presha na moyo za kundi la atenolol, bisoprolol na carvedilol huzuia mapigo kupanda, basi kuhesabu mapigo ya moyo ili kujua ukali wa zoezi kutamdanganya. Atumie kile kipimo cha 0 hadi 10. Anayetumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla: ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale gramu 15 za wanga na kusubiri, na ajue kwamba sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, usiku ikiwemo. Prednisolone ya muda mrefu hula misuli na mifupa. Anayeitumia apande kwa mwendo wa kobe.

Kuna moja ambayo haisemwi sana. Antibayotiki za kundi la ciprofloxacin na levofloxacin zinaweza kudhoofisha kano, hasa ile ya kisigino, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi kama hiyo prednisolone. Mzee aliyepewa hizo asitishe kuinua visigino, na kano ikianza kuuma amwone daktari siku hiyohiyo.

Maumivu ya misuli ya siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida, yapo pande zote zilizofanya kazi na yanalegea mzee akitembea. Yasiyo ya kawaida ni udhaifu unaozidi, misuli iliyovimba na kukakamaa, na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea. Huo ni uharibifu mkubwa wa misuli unaoweza kuziba figo. Hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, jasho baridi, kukosa pumzi kusikolingana na kazi, au ganzi ya upande mmoja.

Chakula, kwa kifupi

Misuli haijengwi kwa juhudi tupu. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanataka gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za nyama au samaki aliyepikwa kati ya 20 na 30. Zigawanywe milo mitatu, maana misuli ya mzee haishtuki kwa vipande vidogo. Inataka mkupuo wa kutosha kila mlo, kwa mtu huyo gramu 20 hadi 24. Kifungua kinywa cha chai na mkate ndicho kinachoangusha hesabu. Mwenye figo mbovu asiongeze protini bila daktari wake. Kreatini, kirutubisho cha ziada cha misuli, ya gramu 3 hadi 5 kwa siku husaidia kidogo kwa anayefanya mazoezi, lakini hupandisha kreatinini kwenye kipimo cha figo, kwa hiyo daktari aambiwe kabla hajashtuka. Kidonge cha kutibu sakopenia chenyewe bado hakijaidhinishwa, anayekiuza anauza matumaini.

Akiugua, na akianguka

Siku 10 za kulala kitandani zinatosha kuwaondolea wazee wenye afya njema karibu kilo 1 ya misuli ya miguuni, na homa inazidisha. Kwa hiyo baada ya ugonjwa asirudi alipoachia. Akiwa na homa hakuna mazoezi. Akishapona, mrudishie blanketi moja au mbili kwenye kiti, nusu ya uzito, seti 1, na apande tena. Kwa kawaida hurudi upesi kuliko mara ya kwanza. Hata akiwa bado kitandani anaweza kukaza mapaja, kusukuma nyayo kwenye ubao wa kitanda, na kukaa ukingoni na kusimama mara tano kila mlo unapoletwa.

Kisha mfundishe kuinuka kutoka sakafuni, kabla hajaanguka. Anza kutokea mwisho: siku ya kwanza apige goti moja kando ya kiti kilichoegemezwa ukutani, mikono kwenye kiti, asukume asimame. Akizoea, aanze akiwa ametambaa kwa magoti na viganja kukifuata kiti. Baadaye aanze amelala ubavu: ajisukume kwa kiwiko, apate magoti na viganja, atambae, mikono kitini, mguu wenye nguvu utangulie kukanyaga, ainuke, ageuke na kuketi. Akae dakika moja kabla ya kutembea. Mwenye magoti yasiyovumilia sakafu awekewe blanketi lililokunjwa. Na mpaka atakapoweza hatua zote hizo mwenyewe, asifanye mazoezi akiwa peke yake nyumbani, na simu iwe mfukoni mwake, kwa kuwa iliyo juu ya meza hataifikia.